Mauritius: Chakula Kizuri Kiko Barabarani

Kabla ya adhuhuri, muuza dholl puri wa Mauritius hana muda wa soga. Foleni imemfikia mlangoni, mkono mmoja uko kwenye rundo la chapati nyembamba za rangi ya manjano zilizofunikwa kitambaa zisipoe, na mwingine uko kwenye kijiko cha kari. Mteja anataja mambo mawili tu: jozi ngapi, na kama anataka pilipili. Chapati mbili zinatandazwa moja juu ya nyingine, inapakwa kari ya maharage makubwa meupe, unafuata mchuzi wa nyanya, kisha achari ya mboga na pilipili mbichi iliyopondwa. Zinakunjwa, zinaviringishwa kwenye karatasi, na mteja anaondoka huku akila. Shughuli yote haifiki dakika moja.

Mgeni anayeuliza aanzie wapi kula katika nchi hii ndogo ya Bahari ya Hindi aanzie hapo, kwenye foleni. Wengi hawafanyi hivyo. Wanatua uwanja wa ndege wakiwa wamekwisha kulipia hoteli ya ufukweni pamoja na milo yote, wanakula tambi za Kiitaliano na nyama choma kwa wiki nzima, na kurudi kwao wakiwa na picha nzuri za bahari. Ni hasara kubwa, maana nje ya geti la hoteli kuna mapishi ambayo watu wa mabara matatu wameyatengeneza pamoja kwa karibu miaka mia tatu, na jozi moja ya dholl puri haifikii bei ya soda ya kwenye baa ya hoteli.

Kazi ya kuandaa chapati hizo inaanza usiku. Dengu za njano huchemshwa na bizari ya manjano mpaka zivunjike zikibanwa kwa vidole, ila zisirojeke. Zikishachujwa, maji yake hayamwagwi, kwani ndiyo yanayokandia unga wa ngano. Dengu zenyewe huachwa zikauke, zikasagwa pamoja na binzari nyembamba iliyokaangwa mpaka ziwe unga mwepesi unaopukutika. Donge la unga wa ngano hutobolewa kwa kidole gumba, hujazwa ule unga wa dengu, hufungwa, kisha husukumwa. Hapo ndipo fundi anapojulikana: chapati inatakiwa iwe nyembamba kiasi cha kukunjika kama leso, na dengu zisitoke hata chembe. Dengu zikibaki na maji, chapati inapasuka. Zikikauka kupita kiasi, mlaji anahisi anatafuna vumbi. Wapishi wa nyumbani wanaijua taabu hiyo, ndiyo maana wengi wao hununua.

Jina linalotajwa zaidi ni Dewa, wa mji wa Rose Hill, katika nyanda za juu kusini mwa mji mkuu. Lakini kila mji una mtu wake, na wakazi watabishana nani anamzidi nani. Wauzaji wengine hawana duka kabisa: wamefunga sanduku la vioo nyuma ya pikipiki, wanaegesha penye kivuli karibu na shule au kituo cha basi, na sanduku likiisha kazi imekwisha. Anayefika alasiri kwa kawaida hukuta sanduku tupu.

Mauritius ni ndogo kweli. Kisiwa kikuu kina kilometa za mraba 1,865 hivi, kikubwa kidogo tu kuliko Unguja, na watu wa nchi nzima ni milioni moja na robo. Kwa gari mtu anakimaliza kwa siku moja, kaskazini hadi kusini na kurudi. Hakikuwa na wenyeji wa asili. Waholanzi walikipa jina mwaka 1598, wakaleta miwa na kulungu kutoka Java mwaka 1639, wakakiacha mwaka 1710. Wafaransa walikichukua mwaka 1715, Waingereza wakawanyang'anya mwaka 1810, na uhuru ukapatikana tarehe 12 Machi 1968. Kwa hiyo kila kinachopikwa humo kililetwa na mtu kutoka mahali fulani, na wengi wa hao watu hawakuja kwa hiari yao.

Wa kwanza kupika kwa wingi walikuwa watumwa. Walitoka Madagaska, Msumbiji na mwambao wetu wa Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion. Msomaji wa Kilwa, Lindi au Mtwara asione ajabu, basi, akikaa mezani na familia ya Wakrioli, wazao wa watumwa hao, na kukuta anaijua nusu ya sahani. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, wenye mashamba walikuwa tayari wameanza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India. Kati ya mwaka 1834 na 1920 karibu watu nusu milioni walipitia bandari ya Port Louis, wengine wakiendelea na safari kwenda nchi nyingine. Posho yao ilipimwa: mchele, dengu, chumvi, mafuta, samaki wa chumvi. Wachina walifuata kama wafanyabiashara, wakafungua duka karibu kila kijiji, wakiwakopesha wakata miwa kwa daftari mpaka siku ya mshahara.

Ukiyajua hayo, swali la wapi kuna chakula cha kienyeji na wapi kuna cha kimataifa linageuka. Tambi za kukaanga, ambazo kwingine zingeitwa chakula cha Kichina, ndizo mlo wa jioni wa familia za Kihindu. Biriani ni ya harusi za Waislamu, lakini Mkristo na Mhindu wanaipanga foleni mchana wa Ijumaa. Mkate mrefu wa Kifaransa unajazwa vitumbua vya dengu vyenye asili ya India Kusini. Mmauritius hahisi kwamba anakula chakula cha mwenzake.

Vitumbua hivyo, gato pima kwa Kikrioli, ndivyo chai ya asubuhi ya nchi nzima. Ni dengu zilizolowekwa, zikasagwa kwa kukwaruzwa, zikachanganywa na majani ya kitunguu, kotmiri na pilipili, zikatengenezwa viduara na kutumbukizwa kwenye mafuta. Mtu wa Mombasa au Tanga angeziita bajia bila kusita. Tofauti ni namna ya kuzila: mkate wa moto hupasuliwa, hupakwa siagi, bajia nne au tano hupondwa ndani yake, basi. Siagi ikiyeyuka juu ya pilipili, mtu anaelewa kwa nini wafanyakazi wa ofisini hawanywi chai nyumbani.

Kwa mchana, mahali pa kwenda ni Port Louis, mji mkuu, na pa kuanzia ni Soko Kuu, hatua chache kutoka bandarini. Upande wa mboga unastahili kutembelewa hata kwa asiyenunua. Kuna mafungu ya mchicha, majani ya mlonge, mnavu, majani ya magimbi. Vyote vinaitwa bred, na vyote huishia kwenye mchuzi mwepesi wenye kitunguu saumu na tangawizi, unaoletwa mezani karibu kila siku. Wauza matunda wanamenya nanasi dogo la Victoria kwa mzunguko, wakiacha mifereji inayolizunguka tunda zima, kisha wanalimiminia ukwaju, chumvi na pilipili. Embe bichi hupewa heshima hiyohiyo.

Na ndani ya soko kuna alouda. Ni maziwa baridi yaliyotiwa sharubati, mbegu za mrehani zilizovimba ndani ya maji, na vipande vya jeli inayotokana na mwani. Wanaoifahamu faluda ya Mombasa au Zanzibar watakuwa wameshaitambua. Kibanda cha Pillay kimeiuza hapo kwa vizazi kadhaa, na kelele za wauzaji wanaoita wateja ni sehemu ya soko lenyewe. Mchana wa Desemba, joto la Port Louis likiwa limejifungia kati ya milima na bahari, glasi moja haitoshi.

Kutoka sokoni mpaka mtaa wa Wachina ni mwendo mfupi, na njia hiyo inapita kando ya msikiti wa Jummah, uliojengwa miaka ya 1850 kwa milango ya mbao iliyochongwa. Jirani na msikiti kuna maduka ya Wachina yenye dawa za mitishamba na uyoga mkavu, na jirani na hayo kuna wauza biriani. Hapa utaona boulettes, madonge madogo yanayoiva kwa mvuke kwenye sufuria za ghorofa: ya samaki, ya nyama, ya kuku, na yale wanayoyapenda wenyewe, niouk yen, yanayotengenezwa kwa mboga ya kijani inayotambaa, yenye umbo la pea, ambayo Wamauritius huiita chouchou. Mteja anachagua kwa kunyoosha kidole, yanatiwa kwenye bakuli la supu, na mezani kuna chupa ya pilipili ya kitunguu saumu.

Mlo mwingine wa kutafuta ni bol ranverse, yaani bakuli lililopinduliwa. Mpishi anaweka yai la kukaanga chini kabisa ya bakuli, juu yake kuku au kamba waliopikwa na mboga kwenye mchuzi mzito wa soya, kisha anashindilia wali. Bakuli linafunikwa na sahani, linageuzwa, linainuliwa. Mchuzi unashuka taratibu kwenye wali, yai likiwa juu. Wachina wa China hawaujui mlo huu kama unavyopikwa hapa, ulizaliwa kisiwani.

Biriani ya kisiwani nayo inahitaji neno, maana Mswahili ana kipimo chake. Ya Mauritius haitenganishi wali na masala kama tunavyofanya Zanzibar na Mombasa, ambako mchuzi mzito hukaa pembeni ukingojea kupakuliwa juu ya wali. Wao hupanga kila kitu ndani ya sufuria moja kubwa la shaba: nyama iliyolala kwenye maziwa ya mgando na viungo, viazi vilivyokaangwa, mchele uliochemshwa nusu, zafarani. Mfuniko huzibwa kwa unga ili mvuke usipate pa kutokea. Mkaa chini, mkaa juu. Inapofunguliwa, mpakuaji huchota kutoka chini hadi juu kwa mkupuo mmoja ili kila sahani ipate tabaka zote, na pembeni huweka kachumbari na achari. Mpenzi wa biriani ya Mwembe Tayari, Mombasa, anaweza kulalamika kwamba masala ni haba. Asilalamike kuhusu viazi. Viazi vile, vilivyokunywa mafuta na maji ya nyama, vinashinda nyama yenyewe.

Waislamu ni kama mtu mmoja kati ya kila sita nchini, na hilo limeathiri upishi kuliko idadi yao inavyoonyesha. Wahindu wengi hawali ng'ombe, Waislamu hawali nguruwe. Basi kuku, kondoo, mbuzi na samaki ndio nyama ya wote, na vibanda vingi vinauza vyakula ambavyo hakuna jirani atakayevikataa. Kwenye migahawa ya Kichina hali si moja: mingine ni ya halali na imeandika hivyo, mingine inapika nguruwe. Isipoandikwa, mteja aulize, na hatamkera mtu. Ni swali la kila siku.

Mapishi ya Wakrioli ndiyo magumu kuyapata barabarani, kwa sababu makao yake ni jikoni nyumbani. Mhimili wake ni rougaille: nyanya zilizoiva sana, kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, majani ya thaimu na pilipili, zikachemka mpaka mafuta yapande juu. Ndani yake hutiwa samaki wa chumvi, soseji au kamba. Sahani kamili ya mchana ina wali, dengu nyeusi za mchuzi, rougaille ya ng'onda, mchuzi wa majani na chatne ya nazi iliyochomwa, ikapondwa na nanaa na ukwaju. Kila kimoja kwa sehemu yake ni kidogo na cha kawaida, na vyote kwa pamoja vinafanya mlo ambao hakuna hoteli ya nyota tano inayoupita.

Kwa mgeni asiye na ndugu kisiwani, njia ni ile wanayoiita table d'hôte: familia inafungua nyumba yake, wageni wanatoa taarifa mapema, wanakula kile kilichopikwa siku hiyo. Kuna nyumba za aina hiyo huko Moka, katika vilima vya karibu na mji mkuu, na hapohapo Moka ipo Eureka, nyumba ya mbao ya mwaka 1830 yenye baraza pande zote na milango zaidi ya mia, ambako chakula cha Kikrioli huandaliwa barazani. Ukweli usifichwe: hiyo ilikuwa nyumba ya tajiri wa miwa, na waliokuwa wakipika hawakuwa wakila barazani. Pamplemousses, upande wa kaskazini, kuna Chez Tante Athalie, mgahawa wa wazi uliozungukwa na magari ya kizamani, unaopika kari na vindaye bila mbwembwe. Vindaye ni samaki au pweza aliyekaangwa akalazwa kwenye haradali, bizari ya manjano, siki na vitunguu. Anakaa siku kadhaa bila kuharibika, na kila siku anazidi utamu.

Pamplemousses ina jambo jingine linalotuhusu. Bustani yake ya mimea ndiyo iliyopokea miche ya karafuu na kungumanga ambayo Mfaransa Pierre Poivre aliitorosha kutoka visiwa vya Maluku mwaka 1770, wakati Waholanzi wakiulinda ukiritimba wao kwa adhabu ya kifo. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa karafuu ikavuka bahari na kufika Zanzibar mapema katika karne ya 19. Mpemba anayetembea chini ya miti ya bustani ile anatembea kwenye historia ya kwao.

Mahébourg, mji wa kusini mashariki, una soko kubwa kila Jumatatu, na ng'ambo ya daraja kuna kiwanda kidogo ambacho mtu aliyekulia kwenye muhogo hapaswi kukikosa. Ni Biscuiterie H. Rault, iliyoanza mwaka 1870 na ingali mikononi mwa familia ileile. Muhogo uliletwa kisiwani katika karne ya 18 na gavana Mahé de La Bourdonnais ili uwe chakula cha watumwa. Familia ya Rault iliugeuza kuwa biskuti. Mizizi humenywa, huoshwa, hukunwa, hukamuliwa maji, hukaushwa, husagwa na kuchekechwa. Kisha unga wenye sukari kidogo hutiwa kwenye vibati vya mraba juu ya bamba la chuma lenye moto wa majani makavu ya miwa. Wanawake waliozoea hugeuza biskuti mojamoja kwa mkono, pande mbili, bila saa ya kupimia. Hakuna unga wa ngano ndani yake. Kuna ya nazi, ya mdalasini, ya kastadi na isiyo na kitu. Mgeni hutembezwa kuona kazi, kisha huketishwa na kupewa chai pamoja na biskuti za moto. Tanga wanakaanga muhogo, Zanzibar wanaupika kwa tui, Kongo wanakula majani na mizizi. Hakuna sababu ya ufundi huu usifahamike kwetu.

Vilima vya Chamarel, kusini magharibi, ni safari ya mchana mzima. Barabara inapanda kwa kona mpaka bahari inaonekana pande mbili, na migahawa ya huko inapika nyama ya kulungu, wazao wa wale walioletwa na Waholanzi, pamoja na nguruwe pori. Kari ya kulungu hupikwa polepole. Nyama yake haina mafuta, ikiharakishwa inakuwa kamba. Hapo pia ndipo pa kuonja saladi ya moyo wa mnazi-pori, inayoitwa saladi ya mamilionea kwa sababu mti uliosubiriwa miaka kadhaa unakatwa wote kwa ajili ya sehemu ile nyeupe ya katikati. Ni tamu, laini, na bei yake inauma. Mara moja yatosha. Wanywaji wanaweza kusimama kwenye kiwanda cha ramu cha Chamarel kilichofunguliwa mwaka 2008. Chini ya vilima hivyo kuna mlima Le Morne, walikojificha watumwa waliotoroka, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008.

Kwa upande wa chai, Bois Chéri iliyo kusini ndilo shamba la kwanza la chai la kisiwa, tangu mwaka 1892. Mgahawa wake uko kilimani juu ya ziwa, na baada ya chakula wageni huonja chai za aina mbalimbali, ikiwemo ile ya vanila ambayo ndiyo kipenzi cha nyumba nyingi. Sukari ina makumbusho yake, L'Aventure du Sucre, ndani ya kiwanda cha zamani cha Beau Plan. Mwishoni mgeni anaonja sukari za rangi tofauti kutoka ya dhahabu hadi nyeusi tii, na mgahawa uko mlangoni.

Na vyakula vya nchi za nje? Vipo, na kwa anayevihitaji si vigumu kuviona. Grand Baie, kaskazini, ndiyo kitovu: pitsa, sushi, nyama za Afrika Kusini, samaki wa Kifaransa wenye siagi na divai. Caudan, eneo la maduka la ufukweni mwa Port Louis lililofunguliwa mwaka 1996, lina migahawa ya kila namna kwa wafanyakazi wa benki na watalii wa meli. Bagatelle, jengo kubwa la maduka karibu na Moka, lina ukumbi wa chakula ambamo familia hujaa jioni za Jumamosi. Vyakula hivyo ni safi na vina hadhi, lakini bei zake ni za Ulaya, na mtu anaweza kuvila Nairobi au Dar es Salaam bila kupanda ndege.

Bei hizo zina sababu. Kwa karne mbili ardhi nzuri ilipewa miwa, na mpaka leo nchi inaagiza kutoka nje zaidi ya robo tatu ya chakula chake. Mchele wote wa maana unakuja kwa meli; ngano vivyo hivyo, na dengu. Serikali hupanga bei ya mkate na kufidia unga na mchele wa posho ili maskini wasiumie, na hapo ndipo dholl puri ya barabarani inapopata nafuu yake. Nyama, jibini na samaki wa mgahawa havina fidia hiyo. Meli zinapochelewa au sarafu ya rupia inaposhuka, anayeumia wa kwanza ni muuza chakula mdogo, ambaye hawezi kuongeza bei bila kupoteza wateja wake wa kila asubuhi. Ndiyo sababu nyingine ya kumpelekea yeye pesa za safari.

Kuna chakula kimoja cha kualikwa: set kari, kari saba. Mkesha wa harusi ya Kihindu, majirani hukusanyika uani, wanamenya maboga, fenesi bichi, ndizi mbichi na viazi, na sufuria zinapangwa juu ya moto wa kuni. Walaji huketi kwa mistari, jani la mgomba likiwa sahani, na vijana hupita na ndoo wakipakua kari moja baada ya nyingine, zote bila nyama, pamoja na puri za moto. Unakula kwa mkono. Mgeni akialikwa, hata na dereva wa teksi aliyekutana naye asubuhi, aende.

Wenye siku za ziada wapande ndege ndogo kwenda Rodrigues, kisiwa cha nchi hiyohiyo kilichoko kilometa 560 hivi mashariki, chenye kilometa za mraba 108 na mamlaka yake ya ndani tangu mwaka 2002. Huko Wakrioli ndio wengi, na meza yao ni ya mahindi, maharage mekundu, limau ndogo, asali na pweza. Wanawake huingia kwenye maji mafupi bahari ikitoa, wakiwa na mikuki myembamba, kazi ambayo wanawake wa Pemba, Jambiani na Lamu hawahitaji kuelezwa. Pweza huanikwa kwenye miti ufukweni mpaka akauke, kisha hupikwa kari, au huchemshwa kabla ya kuanikwa na kuliwa kwa limau na kitunguu. Pweza hao walikuwa wakipungua, na tangu mwaka 2012 uvuvi wa pweza hufungwa kwa wiki kadhaa kuanzia Agosti ili wazaliane, na wavuvi hupewa kazi nyingine za malipo katika kipindi hicho. Soko la Port Mathurin hufurika zaidi Jumamosi, na wanunuzi wazoefu huwa wamefika alfajiri: pilipili ndogo kwenye chupa, achari ya limau, tarti za papai, na pweza mkavu akiwa bado ananing'inia kwenye kamba. Kwa anayepanga safari hasa kwa ajili ya pweza wabichi, Novemba ni mwezi mzuri.